Kifurushi kinachokwenda polepole: barua kwa Mwanakombo

Tanga

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote nisalimie. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unasema umelichoka lile kundi la WhatsApp linalokuamshia jumbe mia mbili kila asubuhi, na ikifika Ijumaa hukumbuki hata mmoja. Unataka watu wachache wanaopenda kuandika waandikiane kwa utaratibu, maandishi marefu yenye majibu ya maana, mpaka wajuane hasa. Linawezekana. Ila usianze kwa kutafuta waandishi hodari. Tafuta watu wanaojibu. Mwandishi hodari asiyejibu wenziwe atakuvunjia jumuiya kabla ya toleo la tatu, na wengine wataona aibu kumwambia.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa gazeti la kila mwezi, na washairi walilumbana humo: mmoja akiuliza toleo hili, mwenziwe ajibu katika toleo la mbele. Watu waliofahamiana kwa lakabu tu walijuana kwa mizani na vina. Wapenzi wa kadi za salamu za redioni nao waliunda klabu zao kwa mwendo huohuo, wakafikia kutembeleana na kuzikana. Huko Marekani, mwaka 1876, wachapaji wa kujifurahisha walikutana Philadelphia wakaunda chama cha kubadilishana magazeti yao madogo, kinachoitwa National Amateur Press Association. Na Uingereza kulikuwa na akina mama wa Cooperative Correspondence Club, walioanza mwaka 1935 baada ya mama mmoja mpweke aliyekuwa Ireland kuandikia gazeti la akina mama akiomba wa kuandikiana naye. Hawakupita wanachama 24, kila mmoja na jina lake la kalamu. Nakala ilikuwa moja tu, ikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kila aliyeisoma aliandika maoni yake pembeni mwa ukurasa. Waliendelea hadi mwaka 1990. Miaka 55, shoga yangu, kwa nakala moja inayotembea kwa posta!

Kwa hiyo njia ni mbili, na lazima uchague mapema. Ya akina mama hao ni ya zamu: bahasha moja inazunguka. Uzuri wake ni kwamba unaona mazungumzo yakijaa pembeni mwa karatasi, maandishi ya mikono tofauti juu ya jambo moja. Ubaya wake uko kwenye hesabu. Mkiwa 8, kila mmoja akikaa nayo siku 7 na njiani ikachukua siku 4, mzunguko ni siku 88. Mmoja akiuguliwa na mtoto, wote saba wanangoja. Bahasha ikipotea, kila kitu kimepotea. Ya pili ni ya mkusanyaji: kila mwanachama anampelekea mtu mmoja kurasa zake, naye anazitoa nakala, anaziunganisha na kumtumia kila mtu kifurushi kizima. Hii ndiyo ninayokushauri, kwa sababu uzembe wa mmoja haumzuii mwingine.

Anza na watu 8, usipite 12. Sababu ni majibu. Mkiwa 8, kila mtu ana wenzake 7 wa kuwasoma, na anaweza kuwajibu watatu bila kuchoka. Mkifika 20, watu wataanza kuruka kurasa, na anayerukwa mara mbili hanyanyui tena kalamu.

Sasa karatasi. Kila mtu apewe karatasi 2 za A4, pande zote mbili, yaani kurasa 4. Kwa watu 8 ni karatasi 16, na moja ya jalada, jumla 17. Karatasi moja ya A4 ya kawaida (ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba) ina uzito wa karibu gramu 5, hivyo kifurushi ni kama gramu 85 kabla ya bahasha. Toa nakala 9, ya tisa ikae kwenye kumbukumbu: karatasi 153, hazifiki theluthi ya rimu. Mkifika 12 karatasi zitakuwa 25, na stepla ndogo ya mezani hushindwa zikipita 20 hivi, kwa hiyo hapo toboa matundu na ushone kwa uzi. Upande wa kushonea uachwe sentimita 3, la sivyo maneno yatamezwa. Anayeandika kwa mkono atumie wino mweusi, maana penseli na buluu hafifu hufifia kwenye fotokopi. Usimwambie kila mtu atoe nakala zake mwenyewe, ingawa ndivyo vyama vingi vya Marekani vilivyofanya. Mmoja ataleta 7, mwingine 9 zilizopinda, nawe utakesha ukihesabu. Walete asili moja, wewe utoe nakala zote siku moja mahali pamoja, na gharama mgawane sawa. Walio Bujumbura au Muscat watume faili, na kifurushi chao kirudi kwa faili wakakichapishe hukohuko. Sharti ni moja: wakipate siku ileile wanayokipata wengine, wasitangulie.

Jalada usilifanye pambo. Liwe na orodha ya wanachama na anwani au S.L.P. zao, yaliyomo, tarehe ya kufunga toleo linalofuata, na hesabu ya fedha. Tarehe hiyo iandikwe kwa wino mzito kuliko kitu kingine chochote.

Mwendo wa wiki 8 unatosha. Wiki mbili za mwanzo ni za kusoma. Kuanzia ya tatu mpaka ya tano mtu aandike majibu. Wiki ya sita aandike lake jipya na alitume, na Ijumaa ya wiki hiyo toleo lifungwe. Ya saba ni ya fotokopi na kushona, ya nane ni ya njiani. Angalia nilivyopanga: majibu kwanza, jambo jipya baadaye. Mtu akianza na makala yake, majibu huandikwa usiku wa mwisho na yanakuwa "nimefurahi sana, hongera". Hongera si jibu. Yule aliyekaa wiki nane akingoja anapata neno moja ambalo angelipata kwa WhatsApp kwa sekunde mbili, na hapo ndipo anapojiuliza anafuata nini. Weka sharti liandikwe: kila mwanachama awajibu watatu angalau, na katika watatu hao mmoja awe yule ambaye hakujibiwa na wengi toleo lililopita. Mkusanyaji ndiye atakayeona nani amebaki peke yake, kwa kuhesabu tu. Achore jedwali dogo, majina juu na majina pembeni, na aweke alama kwa kila jibu. Mstari ukibaki mtupu, amwandikie mtu mmoja kwa siri: "Tafadhali toleo hili mtazame fulani." Kazi hii ya kimya inailea jumuiya kuliko maneno yote matamu ya jalada.

Kuna na tatizo la kumbukumbu. Swali lililoulizwa toleo la kwanza linajibiwa la pili, na muulizaji anaitikia la tatu. Hapo imepita miezi minne, na wasomaji wamesahau mlikuwa mkizungumza nini. Washairi wa malumbano walilimaliza kwa kuchukua bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, mara nyingine na vina vilevile, na kumtaja mlengwa katika ubeti wa kwanza. Nyinyi fanyeni hivi: kila jibu lianze na jina la anayejibiwa, nambari ya toleo, na mistari miwili ya maneno yake mwenyewe. Mwambie kila mtu amalizie na swali moja la kweli, si la adabu. "Mama yako alitumia mkaa au kuni kwa ule mkate wa sinia?" ni swali. "Mwaonaje wenzangu?" halijibiwi na mtu, kwa sababu halikuulizwa mtu.

Halafu WhatsApp. Najua mtataka kundi dogo la pembeni "la kurahisisha mambo". Nakusihi, mambo yake yawe matatu: nimepokea, nimetuma, nimehama anwani. Mazungumzo yakianza humo, basi. Jibu lililotoka moto usiku wa kupokea kifurushi halitaandikwa tena wiki ya tatu, na yule asiyekuwa na bando, au anayefikiri taratibu, atakuta habari imekwisha bila yeye. Ni watu wa namna hiyo hasa uliotaka kuwapa nafasi. Mtu akianza kujibu makala kundini, mwambie kwa upole, "Hilo liweke karatasini," na umwambie siku ileile.

Mchelewaji usimngoje. Hili linauma, kwa sababu mara nyingi ni mtu mnayempenda. Ukingoja siku tatu toleo la kwanza, la pili watakuja kwa kuchelewa wiki, na la tatu hakuna atakayejua tarehe ni ipi. Funga Ijumaa. Kilichokuja Jumamosi kinaingia toleo lijalo, bila lawama. Lakini mpe kila mtu mlango wa heshima: kijikaratasi chenye maneno "Nipo, sina la kusema safari hii" kinahesabika kama amechangia, ila si mara mbili mfululizo. Chama kimoja cha Marekani, Fantasy Amateur Press Association cha mwaka 1937, kilidai kurasa 8 tu kwa mwaka, na hicho kidogo kiliwaweka watu miaka mingi. Masharti mepesi yanayofuatwa ni bora kwako kuliko mazito yanayosamehewa kila mara. Anayekosa mara mbili bila neno, usimfute. Mwandikie barua ya mkono umuulize hali yake. Huenda kuna msiba.

Mgeni naye ana utaratibu wake. Apewe matoleo mawili yaliyopita ayasome, na mwanachama mmoja awe mwenyeji wake. Kifurushi cha kwanza ajitambulishe na amjibu mtu mmoja, cha pili vivyo hivyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: kifurushi cha tatu awe na majibu yake matatu kama wengine. Usipokee wageni wawili toleo moja, maana watajibizana wao kwa wao.

Ugomvi utakuja. Maneno ya hasira yaliyoandikwa hukaa, na mtu atayasoma kila anapofungua bahasha. Mpe mkusanyaji haki ya kumrudishia mwandishi ukurasa wake mara moja tu, akiwa na siku 3 za kuufikiria. Akisema uende hivyohivyo, uende, ila aliyelengwa ajulishwe kabla kwa simu. Kupiga picha ukurasa wa mwenzako na kuupeleka nje kuwe ndilo kosa la pekee la kumtoa mtu siku hiyohiyo. Watu huandika ya moyoni pale tu wanapojua nani anasoma.

Mwisho, usiwe mkusanyaji wa milele. Nakujua utajitwika. Matoleo 6 ni karibu mwaka mzima, kisha apokee mwingine, na tangu toleo la kwanza awepo wa pili mwenye orodha ya anwani na fedha. Jumuiya nyingi za namna hii hufa siku mkusanyaji anapoumwa, na daftari liko mvunguni mwa kitanda chake.

Kabla ya yote niandikie majina saba uliyonayo, lako likiwemo, na mbele ya kila jina andika huyo mtu aliwahi kumjibu nani barua ndefu. Asiye na jibu mbele yake mweke pembeni kwanza. Nafasi ya nane niachie mimi, unitajie na tarehe ya kufunga. Karatasi yangu ya kwanza itakuwa ya majibu, kwa hiyo nitumie chochote ulichokwisha kuandika, hata kama hakijakamilika.

Wasalaam,
wako Zuhura