Barua ya malalamiko kwa duka la samaki wa mapambo: unga ulioandikwa "MAJI" na kifo cha beta wetu

Tabata,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja,
Duka la Samaki wa Mapambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UNGA WA MAJI MNAOUUZA BILA LEBO NA MAELEKEZO YALIYOSABABISHA KIFO CHA SAMAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, na ni mwalimu wa Kemia wa shule ya sekondari. Jumamosi ya tarehe 24 Mei 2025 nilifika dukani kwenu na binti yangu wa darasa la tano. Tulinunua samaki dume mmoja aina ya beta, yule ambaye wengi humwita samaki mpiganaji, pamoja na tangi la kioo la lita 20 lenye chujio la sponji, changarawe, chakula na kifuko cha unga. Nililipa shilingi 165,000 kwa simu, na nakala ya risiti nimeiambatanisha. Shilingi 25,000 za samaki zilitoka kwenye kibubu cha binti yangu, alichokuwa anakijaza tangu Januari. Samaki mwenyewe alikuwa wa rangi ya zambarau iliyokolea, na akigeuka mapezi yake yanafunguka kama mtandio uliotumbukizwa majini. Binti yangu akampa jina Zambarau. Ijumaa ya tarehe 30 Mei, siku ya sita, tulimkuta amekufa.

Barua hii imechelewa kwa sababu sikutaka kumlaumu mtu kabla ya kuwa na uhakika. Mambo mengi huua samaki mgeni ndani ya nyumba, na mengine ni uzembe wa mfugaji. Nimepima, nimerudia kupima, na sasa nina uhakika.

Naanza na unga, maana ndio kiini cha malalamiko yangu. Mlinipa kifuko cha plastiki kinachoenea kiganjani, kimefungwa fundo, kimeandikwa kwa kalamu nene neno moja tu: MAJI. Hakina jina la dawa, jina la mtengenezaji, kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Kijana wenu wa kaunta aliniambia, "Mama, hii inaweka maji sawa. Kijiko kimoja cha chai kwa lita kumi, unasubiri nusu saa, unamtia samaki. Kila ukibadilisha maji unatia tena." Nilimuuliza kama inaondoa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba. Akajibu kwamba inafanya kila kitu.

Tukafuata alivyosema, vijiko viwili kwa lita 20. Siku ya tatu maji yalipauka, yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Siku ya tano, Alhamisi, Zambarau alikuwa amekaa juu kabisa kwenye kona, mapezi ameyakunja, anapanda kuvuta hewa, anashuka kidogo, anapanda tena. Ukimtazama kwa karibu, kingo za matamvua yake zilikuwa nyekundu kama zimeungua. Jioni ile nikapiga simu dukani. Nikajibiwa kwamba maji hayajakaa sawa, niongeze kijiko kimoja. Nilikiongeza kwa mkono wangu mwenyewe, binti yangu akiwa amesimama pembeni na tochi. Asubuhi Zambarau alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe, chini ya chujio.

Kabla ya kumwaga maji yale nilijaza chupa moja, na nyingine nikaijaza maji ya simtanki letu, nikazipeleka zote maabara ya shule. Maji ya simtanki, ambayo ni ya bomba, yalikuwa na pH 7.4 (pH ni kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini ya hapo ni uasidi, juu yake ni ubesi). Ya tangi la samaki yalifika 8.7. Jirani yangu anayefuga perege na kambare Kibaha akaniazima matone yake ya kupimia amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Maji ya simtanki yalibaki njano, yaani amonia hakuna. Maji ya tangi yaligeuka kijani, na nilipoyalinganisha na kadi ya rangi yalisoma miligramu 2 kwa lita. Mwisho nikachukua ndoo ya maji ya simtanki, lita 10, nikatia kijiko kimoja cha unga wenu na si kitu kingine. Ndani ya saa moja pH ilipanda kutoka 7.4 hadi 8.5.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 31 Mei nilirudi dukani. Kijana yule alinipokea vizuri, akaniamkia shikamoo, akanipa pole. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe kopo mnalopimia huu unga." Hakuficha, na kwa hilo namshukuru. Alilitoa chini ya kaunta. Lebo yake ni ya Kiingereza, ina picha ya samaki wa bluu na njano, na inasema wazi kwamba unga ule ni wa kupandisha pH na ugumu wa maji, yaani madini yaliyomo, kwa ajili ya samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Nilisoma lebo yote nikiwa nimesimama palepale. Haitaji klorini popote, wala haimtaji beta.

Ndugu Meneja, nchi hii ndiyo nyumbani kwa hao samaki wa kwenye kopo. Ni ndugu wa perege, na wale wa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Kwao unga ule ni sahihi kabisa. Lakini beta asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, mifereji na mabwawa ya maji laini, ambako majani yanaoza taratibu na maji yanaelekea kwenye uasidi. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa. Maji yanayomfaa yana pH kati ya 6.5 na 7.5, na kwa maji yetu ya 7.4 hapakuhitajika unga wowote. Mmechukua unga wa samaki wa Kigoma mkamwekea samaki wa majaruba ya mpunga.

Hata hivyo pH peke yake haikumuua. Beta ni mvumilivu, na angeweza kuizoea kama ingepanda pole pole. Kilichomuua ni pH hiyo kukutana na amonia, na hapa naomba mnisome kwa makini kwa sababu ndipo wateja wenu wengi wanapopotezea samaki bila kujua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza nyingine. Amonia ikiwa majini hukaa kwa sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ambayo ni sumu. Maji yakiwa na pH 7.4 kwa joto la Dar, ile ya sumu haifiki hata sehemu 2 katika 100. pH ikifika 8.7, inakuwa karibu robo ya amonia yote. Hivyo kile kijiko cha Alhamisi jioni, nilichoambiwa ni cha kumsaidia, kiligeuza amonia iliyokuwa tayari majini kuwa sumu zaidi.

Na amonia ilitoka wapi nyingi hivyo ndani ya siku tano? Ilitokana na maelekezo yenu mengine. Tuliambiwa tumlishe mara tatu kwa siku. Tuliambiwa samaki anaingia tangini siku hiyo hiyo. Tangi jipya halina bakteria wa kuila amonia. Bakteria hao huota wenyewe kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Kazi hiyo huchukua majuma manne hadi sita, na hakuna unga unaoimaliza kwa nusu saa. Tena tuliambiwa kila Jumapili tumwage maji yote na tusafishe sponji bombani. Zambarau hakuifikia Jumapili ya pili, lakini kama angeifikia, klorini ya bomba ingewaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kuota na tungerudi mwanzo.

Kuhusu klorini nitakuwa mkweli. Kwetu maji hukaa kwenye simtanki siku mbili au tatu kabla ya kutumika, na klorini nyingi huwa imeshatoka yenyewe, kwa hiyo siwezi kudai kwamba nayo ilichangia. Klorini ya DAWASA imewekwa ili watu wasiugue, na iendelee kuwekwa. Lakini mteja wenu anayekinga moja kwa moja bombani, akaamini kwamba unga ule unaondoa klorini, anamtia samaki kwenye maji yatakayomchoma matamvua siku ile ile.

Jambo jingine lililoniuma niliona siku ya pili nilipokuja. Kwenye rafu ya ukutani mna madume ya beta yaliyowekwa mmoja mmoja kwenye vikombe vya plastiki vya nusu lita, na nilihesabu kumi na tisa. Kuwatenganisha ni sawa, maana dume na dume watauana. Nilipouliza kuhusu maji, nikaambiwa beta anavuta hewa ya juu kwa hiyo hata maji machafu hayamsumbui. Si kweli. Ni kweli ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa, na kinamsaidia maji yakipungukiwa oksijeni. Lakini matamvua yake bado yamo majini saa zote, na amonia inaunguza hapo hapo. Kwenye vikombe vitatu niliona mapezi yameanza kuliwa pembeni, kingo zimekuwa nyeusi. Nawaomba msingoje barua nyingine. Wabadilishiwe maji kila siku, na wawekwe kwenye vyombo vikubwa zaidi, mkiweka vizuizi kati yao wasionane.

Mimi sikulitupa tangi lenu. Tarehe 1 Juni tulilijaza upya maji ya simtanki bila unga, tukawasha chujio, tukawa tunatia punje chache za chakula kila baada ya siku mbili ili amonia ijitengeneze, na hatukuweka samaki. Binti yangu aliandika vipimo kwenye daftari kila Jumapili. Amonia ilipanda, juma la tatu ikaanza kushuka huku nitraiti ikipanda, na jana, juma la sita, zote mbili zimesoma sifuri. pH ni 7.2. Ndani tumeweka jani moja kavu la mkungu kutoka kwenye mti ulio nje ya shule, tumelisuuza kwanza. Linatoa rangi ya chai na kushusha pH kidogo. Wafugaji wa beta huko Thailand wanatumia majani ya mti huo huo. Dar mikungu imejaa, na jani halinunuliwi.

Madai yangu ni haya. Kwanza, nirudishiwe shilingi 35,000, yaani 25,000 za samaki na 10,000 za unga. Tangi ni zima, chujio linafanya kazi, changarawe na chakula tunavitumia, hivyo sidai pesa yake. Pili, na hili kwangu ni kubwa kuliko fedha, acheni kuuza unga au dawa yoyote iliyopimwa kwenye kifuko kisicho na lebo. Kama lazima mpime rejareja, kila kifuko kibandikwe karatasi ya Kiswahili inayosema ni kitu gani, ni cha samaki gani, kipimo ni kiasi gani na asipewe nani. Tatu, watafuteni wateja wengine mliowauzia unga huo kwa ajili ya beta. Wengi wetu tumelipa kwa simu, kwa hiyo namba zetu mnazo. Wapo ambao samaki wao bado wako hai na wanazidi kuwatilia.

Kijana wa kaunta msimwadhibu. Alinieleza alichofundishwa, tena kwa adabu. Mfundisheni upya. Amwambie mteja alinunue tangi leo na samaki baada ya mwezi mmoja na nusu. Amwambie kulisha ni mara moja kwa siku, punje ambazo samaki atazimaliza ndani ya dakika mbili. Kila juma abadilishe robo au theluthi ya maji, si yote, na maji mapya yawe yamelala siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi au yametiwa dawa halisi ya kuondoa klorini. Sponji isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Nimeyaandika haya kwenye ukurasa mmoja na kuuambatanisha. Mnaweza kuuchapisha na kumpa kila anayenunua beta, bila malipo na bila kutaja jina langu.

Nilituma ujumbe mara mbili mwezi Juni na haukujibiwa. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka pamoja na vipimo vyangu Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Ningependa zaidi tumalizane sisi kwa sisi.

Nitapita dukani Jumamosi hii, tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi, na kifuko cha unga uliobaki na daftari la vipimo. Naomba uwepo mwenyewe, na lile kopo liwe juu ya kaunta.

Mteja wenu,

(Sahihi)

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha ya kifuko cha unga, nakala ya daftari la vipimo, ukurasa wa maelekezo ya utunzaji wa maji ya beta.