Shukrani kwa fundi redio wa Kariakoo

Kaka fundi, jina lako hukutaka kulitaja, basi nakushukuru hapa hadharani. Zile spika kuukuu ulizowapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ukakataa hata senti, zimewafundisha kuliko ubao wangu. Uliwaambia tu wafungue, kisha wafikirie wenyewe zinaweza kufanya nini kingine. Binti mmoja akaunganisha spika mbili kwa waya, bila betri wala umeme wa ukutani, akaongea kwenye moja. Sauti ikasikika kwenye nyingine, hafifu, lakini ikasikika! Sumaku na koili (waya uliozungushwa) ndani ya spika: waya ukitikisika karibu na sumaku huzalisha umeme, kanuni aliyoigundua mwanasayansi Faraday mwaka 1831, nao wameifikia kwa udadisi wao. Sasa wananiuliza maswali yasiyo kwenye mtihani wowote, nami nayapenda mno. Mungu akuzidishie, kaka. Karibu darasani kwetu Temeke.