Ng'ombe wa Craigmill

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumbani. Katika barua yako ulilalamika kwamba wanafunzi wako humchora kila ng'ombe kama sanduku lenye miguu minne, nami nimeona nikujibu kwa kukusimulia habari za Joseph Denovan Adam, Mskoti aliyechora ng'ombe karibu maisha yake yote.

Alizaliwa Glasgow, mtoto wa mchoraji wa mandhari, akasomea London, kisha akarudi Uskoti mwaka 1871. Wanunuzi hawakuwa haba, kwani tangu Malkia Victoria na mumewe waliponunua Balmoral, jumba la milimani Uskoti, mwaka 1852, matajiri wa mijini walizidi kutamani picha za milima, ukungu na ng'ombe wa nyanda za juu wa kutundika sebuleni.

Mwaka 1887 alihamia Craigmill, karibu na Stirling, akafungua shule ya kuchora wanyama, na akafuga kundi lake mwenyewe la ng'ombe hao ili yeye na wanafunzi wake washinde nao. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Ng'ombe wa huko ana manyoya ya tabaka mbili, laini ndani na marefu yenye mafuta juu, yanayoteremka usoni hadi kuyafunika macho. Ukiyachora unywele mmoja mmoja unapata ufagio, na ukiyapaka rangi kwa jumla unapata blanketi. Bega na nyonga zilizojificha chini yake utazijua tu ukiwa umemtazama mnyama yuleyule siku nyingi, akicheua, akijikung'uta mvua, akiinuka kwa miguu ya nyuma kwanza.

Akademia ya Kifalme ya Uskoti, chama cha wasanii wa huko, ilimfanya mwanachama kamili mwaka 1892. Alifariki mwaka 1896, shule yake ikiwa haijatimiza miaka kumi. Baadhi ya picha zake, nikuambie kweli, zina machweo mengi kupita kiasi kwa macho yangu, lakini kwato za ng'ombe wake zimekanyaga tope hasa.

Zizi la jirani yako haliko mbali na darasa lako. Mwombe ruhusa, uwapeleke watoto asubuhi wakati wa kukamua, wakae chini watazame kabla hujawagawia penseli. Michoro ya kwanza, hata iliyoharibika, nitumie niione.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.