Barua kwa Mhariri: Mkiongelea marubani wa majaribio msimruke Eric Brown

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya marubani wa majaribio wa ndege za kivita, nimeipenda, ila kuna kitu kimenikera naomba mnipe nafasi nikiseme. Mmemsifia sana Chuck Yeager wa Marekani, sawa, anastahili, Oktoba 14, 1947 alipita kasi ya sauti na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini makala nzima hamna hata mstari mmoja wa Eric Brown, yule Mskoti wa jeshi la majini la Uingereza ambaye wenzake walimwita Winkle kwa ajili ya ufupi wake. Halafu mkamalizia eti hawa ni watu wasiojua kuogopa kufa. Hapana jamani, hapo sikubaliani kabisa.

Brown karusha aina 487 za ndege. Nasema aina, siyo ndege, na Spitfire zote, zile ndege za kivita za Uingereza, alizorusha za matoleo tofauti zimehesabiwa kama aina moja tu. Hakuna mwingine duniani aliyefika hapo. Kwenye meli za kubeba ndege katua mara 2,407. Sasa namba kama hizo huzifikii kwa roho ngumu peke yake, wenye roho ngumu peke yake walizikwa mapema. Yeye alikuwa anasoma ndege kabla ya kuipanda, anajua itamfanyia nini na yeye ataifanyia nini.

Chukua ile DH 108, ndege ya jeti isiyo na mkia wa kulala. Septemba 27, 1946 Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni iliyoiunda, aliirusha ikavunjika vipande angani akafa. Brown akapewa kazi ya kutafuta sababu, yaani apande ndege ya aina ileile iliyomuua mwenzake aipeleke kwenye kasi ileile. Hakuikimbiza siku moja tu, aliongeza kasi kidogo kidogo, na ilipokaribia kasi ya sauti kweli ikaanza kutikisika pua juu pua chini haraka haraka mpaka kidevu kinampiga kifuani na macho hayaoni vizuri. Alichofanya alikuwa ameshakipanga akiwa chini, akarudisha stiki taratibu na kupunguza nguvu ya injini kwa wakati mmoja, ikatulia. De Havilland alikuwa mrefu na alikutwa amevunjika shingo, Brown mwenyewe alisema ufupi wake ndo ulimuokoa. Ufupi sawa, lakini na ule mpango je?

Na Desemba 3, 1945 ndo mtu wa kwanza kutua na jeti kwenye meli, Sea Vampire juu ya HMS Ocean. Watu wanaona kama jambo dogo leo. Injini za jeti za wakati ule zilikuwa nzito kuitika, ukiongeza mafuta inachukua sekunde kadhaa ndo nguvu ije, na hakuna propela ya kukusaidia kupunguza mwendo, kwa hiyo ukikosea mahesabu karibu na sitaha huna muda wa kurekebisha, ni baharini.

Ile Komet nayo, ndege ya kivita ya Wajerumani iliyoendeshwa kwa roketi, mafuta yake yalikuwa yanaunguza nyama ya mtu na kulipuka ovyo, mwaka 1945 aliirusha kule Ujerumani baada ya vita na mafundi wa Kijerumani waliiogopa mpaka wakamuomba asaini karatasi kwamba anaruka kwa hiari yake. Kijerumani alikuwa anakijua vizuri, ndo maana Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, ilipokombolewa akaitwa kutafsiri wakati wa kuwahoji mkuu wake Josef Kramer na mlinzi Irma Grese. Kabla ya hapo meli yake HMS Audacity ilizamishwa Desemba 1941 na wenzake wengi wakafia kwenye maji ya baridi. Maisha ya mtu mmoja hayo.

Kinachoniuma zaidi ni ndege ya Miles M.52. Waingereza walikuwa wanaiunda ipite kasi ya sauti na Brown ndo alipangwa kuirusha, Februari 1946 serikali ikaifuta, na taarifa zake Wamarekani walikuwa wameshapewa. Sisemi Yeager kaiba kitu, yeye alifanya kazi yake, ila ukimuandika Yeager bila kuitaja M.52 msomaji anabaki na nusu ya habari.

Brown kafariki Februari 2016 akiwa na miaka 97. Naomba toleo lijalo mumpe japo nusu ukurasa, muanzie Farnborough, kile kituo cha majaribio ya ndege cha Uingereza alikofanyia majaribio mengi, na lile neno la kutojua kuogopa mlitoe. Vijana wetu wanaosomea urubani na ufundi wa ndege wanasoma gazeti lenu, waambieni huyu mtu alisoma kwanza ndo akapanda.

Msomaji wenu wa siku nyingi