Wavu wa kizazi: mwandishi wenu hakuuliza kama unatoka

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi huko Tanga, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wavu wa plastiki unaotiwa mwilini kutibu kushuka kwa kizazi imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako amewaambia wanawake kwamba upasuaji wa kawaida umepitwa na wakati kwa kuwa wavu unashika zaidi. Mimi nilitiwa wavu huo kupitia ukeni mwaka 2009, hapa Uingereza ninakoishi.

Sitamwonea. Utafiti uliofanywa Sweden, Norway, Finland na Denmark na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wanawake 389 walioshuka ukuta wa mbele wa uke. Baada ya mwaka mmoja, karibu asilimia 61 ya waliotiwa wavu walihesabiwa kuwa wamefanikiwa, na walioshonwa kwa nyama zao wenyewe hawakufika asilimia 35. Huenda hizo ndizo namba alizoziona. Lakini utafiti huo huo ulisema kwamba waliotiwa wavu walivuja damu zaidi wakati wa upasuaji, na kwamba baadhi yao walirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu wavu ulikuwa umejitokeza ukeni. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa hapa Uingereza, uitwao PROSPECT, katika hospitali 35. Matokeo yake, yaliyotolewa mwishoni mwa 2016, yalionyesha kwamba ndani ya miaka miwili ya mwanzo wavu haukuwaongezea wanawake nafuu yoyote kuliko kushonwa kwa kawaida, na zaidi ya mmoja katika kila kumi waliotiwa wavu alipata tatizo lililoletwa na wavu wenyewe. Haya hayakuandikwa gazetini mwako.

Wala halikuulizwa lile ambalo mgonjwa angeuliza kwanza: upasuaji ukishindikana, inakuwaje? Katika upasuaji wa kawaida daktari hukusanya tishu zilizolegea kati ya kibofu na uke, akazishona. Dada yangu alishonwa hivyo huko nyumbani. Baada ya miaka sita uvimbe ulirudi kidogo, akawekewa pete ya mpira ukeni ya kuushikilia, na leo anakwenda shamba. Wavu ni plastiki, polipropilini, uliofumwa kwa matundu ili nyama iote ndani yake. Mkeka ukiachwa uwanjani majani yakaota katikati ya ukindu wake, anayeuvuta hung'oa na majani. Nilifanyiwa upasuaji mara mbili ili utolewe, na vipande vyake vingine vimo mwilini mwangu hadi sasa.

Niruhusu nieleze nilivyoridhia, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Hospitali haikuniletea mkalimani. Asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimekwisha kuvalishwa gauni, fomu ya ridhaa ilisomwa kwa haraka, na aliyenitafsiria alikuwa mwanangu wa kiume wa miaka 14. Mtoto wa kiume, Ndugu Mhariri, anaambiwa amtajie mama yake uke, na tendo la ndoa, na maumivu yanayoweza kufuata! Alitazama sakafu, akameza mate, akaniambia, "Mama, wanasema watakuwekea kitu kama chandarua cha kushikilia tumbo." Nikatia sahihi. Miezi minane baadaye mume wangu alianza kuchomwa na kitu tulipokutana kimwili, nami nikawa siwezi kukaa kitako kwa tahiyatu. Mpaka leo ninasali juu ya kiti. Nilikwenda kwa madaktari wanne. Wawili waliniambia ni umri, mmoja akanipa dawa ya wasiwasi. Ilinichukua miaka minne kupewa nakala ya faili langu na kulijua jina la kitu kilichomo ndani ya mwili wangu, ilhali kibandiko cha boksi lake kilikuwa kimebandikwa ndani ya faili hilo tangu siku ya kwanza. Mwanangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na bado anajilaumu kwa neno chandarua.

Gazeti lako nalo linaficha maneno. Makala nzima imeandika "sehemu za siri" na "matatizo ya kina mama", hata msomaji asijue kama kilichoshuka ni kibofu, kizazi au ukuta wa nyuma, na kila kimoja kina upasuaji wake. Mbaya zaidi, mwandishi amechanganya wavu unaotiwa kupitia ukeni na ule unaowekwa kupitia tumboni kushikilia kilele cha uke, ambao una hatari zake lakini si zile zile. Marekani iliamuru mwezi Aprili 2019 uuzaji wa wavu wa ukeni kwa ugonjwa huu ukome. Australia ilikwisha kuamua hivyo Novemba 2017, na Uingereza iliusimamisha Julai 2018 kwa ushauri wa Julia Cumberlege, aliyeongoza uchunguzi wa usalama wa dawa na vifaa vya tiba, na ambaye ripoti yake ya mwaka 2020 iliwasikiliza wanawake kama mimi. Inakuwaje kitu hicho kipewe jina la maendeleo katika ukurasa wenu wa afya?

Nawaomba mchapishe karatasi moja ya Kiswahili, yenye herufi kubwa, ambayo msomaji anaweza kuikata na kwenda nayo kliniki. Iseme kwamba ridhaa isomwe siku tatu kabla ya upasuaji na isitafsiriwe na mtoto wa mgonjwa. Kwamba daktari ajibu kwa kinywa chake ni nyavu ngapi amewahi kuzitoa. Na kwamba kibandiko cha boksi kibandikwe pia katika daftari la mgonjwa, alichukue nyumbani. Mkiichapisha, nitanunua nakala 50 na kuzituma Tanga kwa gharama yangu.

Jina langu unalo. Naomba usilichapishe, kwa ajili ya mwanangu.

Mwalimu mstaafu,
Leicester, Uingereza