Barua kwa mwanangu: hili kovu la ulimi sikulipata kwa muwa

Mwanangu,

Jana ulivyokata simu sikulala. Umenambia kliniki ya wajawazito presha yako ilisoma 142 kwa 94 ukapewa vidonge, umekunywa siku nne ukaacha kwa sababu husikii chochote. Mama, presha haipigi hodi, mi yangu ilikua juu na nilikua nafua nguo huku naimba.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Hili kovu kwenye ulimi wangu, ulivyokua mdogo ukiniuliza nakujibu nilijing'ata nikila muwa. Si muwa mwanangu, ni kifafa cha mimba, ile degedege inayoletwa na presha ya ujauzito, na mimba yenyewe ni yako. Miezi nane ilivyoingia pete ikaanza kunibana, baba yako akaivua kwa sabuni na uzi huku mi nalia, asubuhi naamka uso umevimba, kichwa kinagonga, naona vimulimuli, mi nasema ni jua la Korogwe hili. Kliniki nesi akapima mara mbili, akapima na mkojo, akaniandikia rufaa palepale. Ukazaliwa wiki ya 35, kilo 1.9, wote tukasema Alhamdulillah yameisha. Siku ya pili nimekunyonyesha nimekulaza pembeni, ndo nikaanguka. Nazinduka mdomo umejaa damu. Nyumbani wakasema ni mashetani, mi nikaona aibu nikanyamaza miaka yote hii.

Na kunyamaza kwangu kumekugharimu. Kama mama mtu alipata kifafa cha mimba au presha ya mimba, binti anakua kwenye hatari zaidi, alafu hii ndo mimba yako ya kwanza. Ungelisema hilo mapema labda wangekuanzishia ile aspirini ndogo ya kukukinga, maana inaanzwa kwenye wiki ya 12 hivi, kabla ya 20, we sa hivi uko 26. Nisamehe kwa hilo. Kesho nenda uwaambie, waandike kwenye kadi, na waambie pia kwamba uliacha dawa usiwafiche.

Hiyo methildopa uliyopewa imetumika kwa wajawazito miaka na miaka, usiikatishe kwa sababu umejisikia vizuri, kujisikia vizuri si kwamba presha imeshuka. Dawa za presha za baba yako usiguse kabisa hata zako zikiisha, kaptoprili na losartani zinaharibu figo za mtoto tumboni. Kitunguu swaumu cha mama mkwe kula kwenye mboga, mheshimu mzee wa watu, ila dawa iko palepale.

Ukienda kupima usipimwe ukiwa umeshuka bodaboda sasa hivi unahema. Kaa dakika tano, egemea kiti, miguu chini usiikunje nne, mkono juu ya meza, usiongee. Na mkojo waupime kila ukienda, protini ikionekana humo na presha iko juu hilo ni jambo lingine kabisa, ndo njia ya kuelekea kifafa cha mimba.

Alafu sikiliza. Kichwa kisichoisha, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali hata iwe saa nane usiku, utanipigia njiani. Ikifika 160 kwa 110 nenda hata kama hujisikii kitu. Wakikwambia wakuzalishe mapema usibishane nao, hii kitu haina tiba nyingine ya kuimaliza ila mtoto na kondo vitoke, na hata hapo bado wiki sita unapimwa, mi niliangukia huko huko baada ya kujifungua.

Muonyeshe mumeo hii barua, ajue za kuangalia. Jumamosi napanda basi la asubuhi nije nikae mpaka ujifungue. Kesho ukipimwa nipigie ukiwa hapohapo kliniki, unisomee namba zote mbili.

Mama yako