Shukrani kwa kijana aliyemtolea mwanangu damu

Kaka yangu, jina lako sikulipata, lakini dua zangu zinakufuata tangu mwaka 2020.

Mwanangu alikuwa kwenye dawa za saratani ya damu. Homa ikampanda, na kipimo kikaonyesha ana korona. Mtoto wa dawa hizo akipata homa hasubirishwi hata saa moja, kwani chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, zikishashuka, bakteria wa kawaida tu anaweza kumuua, korona au si korona. Madaktari walimwanzishia antibiotiki ya mshipa usiku uleule, Mungu awabariki. Kilichokosekana ni damu. Wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa nchini Kenya, na shule zilikuwa zimefungwa. Watu wazima waliogopa kukanyaga hospitali. Ndugu zangu wa Mji wa Kale, Mombasa, walikuwa wamezuiwa kutoka mtaani tangu Mei.

Ukaja wewe, barakoa ya kitambaa imekushuka puani, pamba umeibana kwenye kiwiko. Ukaniambia, "Mama, nishatoa. Akihitaji tena, namleta ndugu yangu." Hata mkono sikuweza kukupa.

Mwanangu alipona korona, kama walivyopona wengi wa watoto wenye saratani, ingawa kwao huwa nzito kuliko kwa wenzao. Matibabu yakaendelea, akayamaliza. Sasa yuko shule, na anajua kuna kijana wa Mombasa aliyemtolea damu.

Shukran sana, kaka. Mola akulipe kheri, akuhifadhie wazazi wako na huyo ndugu yako.